Kigugumizi cha Vidole

Walinipa jina Heli. Kwa Kiestonia
heli ni sauti.
Viziwi wawili wa Tartu, barabara ya Njegere,
wakamwita mtoto wao kitu wasichopata kukisikia,
kama mtu aliyepewa zawadi iliyofungwa
akaiweka kabatini, asiifungue, akaipenda hivyo hivyo.

Baba, Ülo, alijalidi vitabu.
Sindano, uzi wa kitani, gundi inayonuka mifupa.
Na mikono ile ile, jioni, ilisema:
ilitania, ilitukana madereva,
ilipiga umbea na mama toka ng'ambo ya barabara,
theluji ikidondoka katikati ya sentensi.

Kisha, Novemba, neno "mkate" likatoka bovu.
Kidole gumba hakikufika mahali pake.
Mama akacheka: umelewa?
Wiki iliyofuata "kesho" likamwangukia mapajani.

Usiku minofu ya mkono wake ilicheza chini ya ngozi,
kidogo kidogo, kama manyunyu juu ya dimbwi.
Mama aliweka kiganja pale, gizani, akasubiri,
akidhani anamnong'oneza.

Hospitali mkalimani hakuja.
Daktari akanitazama mimi, msichana wa miaka kumi na tisa.
Basi ni mikono yangu iliyomwambia.
Ugonjwa ule sikuujua alama yake, nikaijenga papo hapo:
ubongo. Waya. Waya unakauka.
Nyama haipati habari,
inasinyaa kwa kukosa habari.
Akauliza: kugusa je? Kugusa kunabaki.
Akili? Kwa wengi, inabaki.
Macho? Macho mara nyingi ndiyo ya mwisho.
Miaka?
Nikamtazama daktari, daktari akatazama karatasi.
Nikasema mikono yangu imechoka.
Akaishika. Yeye ndiye aliyeishika yangu.

Chanda chema huvikwa pete, sawa,
na chanda kikikonda?
Mama aliizungushia pete uzi wa kujalidia,
mara tatu, mara saba,
mwishowe akaivaa yeye, shingoni.
Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nalo ni kweli;
lakini kufika Mei baba alibakiwa na kimoja, cha shahada, cha kushoto,
na kwacho alisema: chai.
Hapana.
Pua inaniwasha.
Wewe.

Sitawadanganya. Kuna siku nilimlisha uji kwa hasira.
Kuna siku mama alimgeuzia kisogo makusudi,
na kwa kiziwi kisogo ni mlango uliobamizwa,
naye hakuwa na mkono wa kubisha.
Alirudi baada ya saa nzima, akamwandikia kiganjani,
herufi moja moja, polepole. Sikuona aliandika nini.
Baba alipandisha macho juu: ndiyo.
Akapandisha tena.

Kisha wakaleta kompyuta inayofuata macho.
Anaikazia herufi, herufi inakubali,
neno linatoka kwenye spika
kwa sauti ya mwanamume wa makamo, safi, ya msoma habari.
Yeye haisikii. Mama haisikii.
Nyumba nzima sauti ile ilikuwa na msikilizaji mmoja,
naye alikuwa jikoni, akimenya viazi.

"Heli."

Nimezaliwa, nimekua, nimeota meno mara mbili,
na baba yangu hajawahi kuniita nikiwa chumba kingine.
Alikuwa akipiga mguu sakafuni, nauhisi mtetemo, naja.
Au anazimawasha taa.

"Heli. Dirisha. Baridi."

Nilisimama na kisu mkononi, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni.
Sikwenda.
Mungu anisamehe, baridi inamuuma na mimi sikwenda;
nilitaka aite tena.

Akaita tena.

Nilipoingia, mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda
mgongo kwa dirisha, nywele zikipeperuka,
kiganja chake juu ya spika,
akisubiri icheze.